Kungoja Pamoja Katika Baridi



Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kuzungumza jambo ambalo si desturi yake kuonekana katika ukurasa huu, nalo ni uvuvi wa wakati wa baridi. Tumelichagua kwa sababu ya swali ambalo wazazi wa Karatu hutuuliza kila ufikapo mwezi wa Juni, shule zinapofungwa. Husema: "Mwalimu, kijana wetu ataka kushuka Mang'ola afuatane na wavuvi wa Ziwa Eyasi. Nyumbani hakosi chakula, wala huko hatapata fedha za kutajika. Afuata nini? Nasi tumruhusu, au tumzuie?"

Swali hili si dogo, kwani kijana azuiliwaye bila ya kuelezwa sababu huenda akaondoka bila ya ruhusa, na aruhusiwaye bila ya masharti huenda akarudi na tabia asiyokwenda nayo. Basi kabla ya kujibu, yatupasa tujue kwanza ni kitu gani kimwitacho huko.

Wakaao pwani hudhani kuwa baridi ni habari ya Ulaya tu. Lakini mji wa Karatu uko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro wapita mita 2,300. Tangu Juni mpaka Agosti ukungu hufunika njia hata saa nne za asubuhi, wachungaji hujitanda mablanketi, na huko juu ukingoni hutokea alfajiri umande ukaganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Eyasi yenyewe iko chini katika Bonde la Ufa, mita 1,030 hivi, na mchana wake ni wa joto. Lakini usiku wa miezi hiyo, upepo ukishuka kutoka milimani, mtu aliyesimama majini hata mapajani hutetemeka meno yakagongana. Na hapo ndipo kijana wetu atakapo kwenda, akaiacha nyumba yenye jiko na kitanda!

Ziwa hilo lina tabia ya peke yake. Maji yake ni ya chumvi, na kina chake ni kidogo, hata katika mwaka wa mvua nzuri mtu aweza kwenda mbali kwa miguu. Hupokea maji ya mto Sibiti utokao upande wa Ziwa Kitangiri, na ya mto Baray utokao upande wa Mang'ola. Mvua zikiwa nyingi ziwa hutanuka likafika kama kilomita za mraba 1,000. Ukame ukija hunywea, pakabaki uwanja mweupe wa magadi ambao ng'ombe hupita juu yake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilijaza maziwa mengi ya bonde hili.

Samaki wake ni wa namna mbili wanaojulikana zaidi. Wa kwanza ni perege mdogo avumiliaye chumvi, ambaye makazi yake ni maziwa haya ya ndani ya Tanzania, kama Eyasi, Manyara, Kitangiri na Singida. Wa pili ni kambale, ambaye Mwenyezi Mungu amempa kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hata akaweza kukaa katika matope wakati ambao samaki wengine wamekwisha kufa. Mwenye akili akimtazama kambale mmoja tu, apata somo la kutosha la uwezo wa Muumba.

Kwa kuwa ziwa huja na kwenda, wavuvi wake nao huja na kwenda. Pwani kambi ya namna hiyo huitwa dago. Hukutana hapo watu wa makabila mengi, na lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Wala jambo hili si geni kwa Mang'ola. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliofika huko katika miaka ya 1960, waliwakuta watu wa asili mbalimbali wanaoishi pamoja na kuitwa Waswahili, majirani wa Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, wakaandika habari zao.

Sasa natutazame kazi yenyewe. Jua likikaribia kuchwa, wavuvi hutega nyavu zao majini, kisha hurudi ufukoni. Hapo mkono wa mwanadamu hauna tena la kufanya. Mkulima aweza kupalilia, mfanya biashara aweza kuita wateja, mwindaji aweza kufuata nyayo. Mvuvi amekwisha kutega, naye hana budi kungoja mpaka alfajiri, na rizki yake iko chini ya maji asipoiona. Tajiri mwenye nyavu kumi na maskini mwenye wavu mmoja wenye viraka, wote wawili hawajui kitakachotoka. Basi huwasha moto, hupika ugali, huteleka chai ya tangawizi, hukaa duara, na blanketi moja hufunika mabega ya wawili.

Ndugu zetu, twaona kuwa hiki ndicho kijana akifuatacho. Nyumbani mara nyingi huambiwa maneno matatu: leta, peleka, nyamaza. Kule penye moto, mzee mwenye mvi humsimulia ziwa lilivyokauka na lilivyorudi, humfundisha kufunga fundo na kusoma upepo, humwuliza: "Nawe mwanangu, waonaje?" Nyumbani husemeshwa, na kule huzungumzwa naye. Baridi huwasogeza watu karibu, na kungoja huwapa wasaa wa kusema. Mtu akikesha na wenzake wakingoja jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliye na amri juu yake, kiburi hupungua na mapenzi huzidi.

Wala tusidhani kuwa hali hii ni ya Eyasi peke yake. Ziko nchi za kaskazini, kama Finland, Canada na jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako wakati wa baridi kali maziwa huganda juu, na watu hutembea juu ya maji kama watembeao barazani. Wao hawangoji barafu iyeyuke ndipo wavue. Hutoboa tundu kwa keekee kubwa, huteremsha uzi wenye ndoano, na hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa au ndani ya kibanda kidogo chenye jiko, saa baada ya saa. Wazee wao huwafundisha vijana kwamba barafu isiyofika inchi 4 za unene, tena iwe safi na ngumu, haifai kukanyagwa na mtu, na kwamba si vema mtu kwenda peke yake. Katika jimbo hilo la Minnesota wakaa maelfu ya ndugu zetu Waislamu waliotoka Somalia na nchi nyingine za Afrika Mashariki, nao huyaona mambo hayo kila mwaka.

Mtu wa kwetu akisikia habari hiyo hucheka, akasema: "Samaki wauzwa dukani, kwa nini mtu ajigandishe?" Lakini wengi katika wavuvi hao hurudi mikono mitupu, na juma la pili wakaenda tena. Basi ni dhahiri kuwa samaki ni sababu ya kutoka nyumbani tu, na faida waipatayo hasa ni ile baraza. Mwanadamu ni yule yule, akae juu ya barafu ya Minnesota au juu ya magadi ya Eyasi.

Je, dini yetu yasemaje? Uvuvi ni halali bila ya shaka. Katika Sura Al-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuo ya majini na chakula chake, iwe manufaa kwetu na kwa wasafiri. Samaki hahitaji kuchinjwa. Lakini yule aliyeoza na kudhuru mwili yafaa aachwe, kwani dini haikutuamrisha kujiua kwa tamaa.

Tena katika habari za Masahaba mna kisa kilichopokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.), ambacho kila mvuvi Mwislamu yampasa akijue. Mtume (S.A.W.) alituma jeshi la watu wapatao 300 kuelekea pwani, na amiri wao alikuwa Abu Ubaida bin Al-Jarrah (R.A.). Chakula kilipokuwa karibu kwisha, Abu Ubaida aliamrisha kila mwenye akiba ailete, zikakusanywa pamoja, akawa akiwagawia kidogo kidogo hata ikafika tende moja kwa mtu mmoja kwa siku. Waliifyonza kama mtoto afyonzavyo, kisha wakanywa maji juu yake. Wakafikia kupiga majani ya miti kwa fimbo zao, wakayalowesha na kuyala. Ndipo bahari ilipowatupia samaki mkubwa mno, wakala kwake siku nyingi hata miili yao ikarudi nguvu. Waliporudi Madina walimweleza Mtume (S.A.W.), naye akawajulisha kuwa hiyo ilikuwa rizki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, akauliza kama imebaki sehemu ya nyama yake. Wakampelekea, akala.

Tuangalie mpango wa kisa hiki. Kugawana kulitangulia, samaki akafuata. Walipokuwa na tende moja moja hawakunyang'anyana, na waliposhiba hawakumsahau aliyebaki mjini. Dago lolote lenye sifa hizo mbili ni madrasa, hata kama halina ubao wala chaki.

Na kungoja nako kuna daraja yake. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufuta kwayo makosa ni kutimiza udhu wakati wa taabu, na kungoja sala baada ya sala, na Mtume (S.A.W.) akalilinganisha jambo hilo na kazi ya walinzi wakeshao mipakani. Basi kijana akiamka alfajiri ya Julai kando ya Eyasi, akatawadha kwa maji ya baridi, akasali na wenzake kisha ndipo akaingia kutazama wavu, huyo amengoja mara mbili, na malipo ya mara ya kwanza hayana msimu mbaya.

Hapa yafaa tueleze mas'ala machache ambayo vijana hutuuliza. Maji ya Eyasi, ijapokuwa ni ya chumvi na ladha yake ni ya magadi, yafaa kutawadhia, kwani yamebadilika kwa ardhi yake yenyewe, kama yalivyo maji ya bahari. Baridi peke yake si udhuru wa kutayamamu. Mwenye moto na sufuria na ayapashe maji yake moto. Asiye na njia ya kuyapasha, tena akaogopa madhara ya kweli kwa mwili wake, huyo ameruhusiwa. Na mtu atokaye Karatu kwenda Mang'ola hapunguzi sala, kwa kuwa mwendo huo haufikii masafa ya kupunguza. Siku ya Ijumaa na apande kutoka ufukoni kwenda msikitini pamoja na wenzake. Samaki watamngoja.

Sasa twaja kwenye hatari, kwani tusingekuwa waaminifu kama tungesifu tu. Wahenga wamesema samaki mmoja akioza huoza wote. Moto ule ule uwakusanyao wazee wenye hekima huweza kuwakusanya wacheza kamari na wanywa gongo. Usiku ni mrefu, baba yuko mbali, na fedha za mauzo ya asubuhi ziko mfukoni. Wako vijana waliokwenda kujifunza subira, wakajifunza karata. Huanza kwa kuchezea kijiti cha sigara, mwisho huchezea wavu wa mtu mwingine. Mzazi asidhani kuwa uzuri wa kazi wamlinda mwanawe na ubaya wa watu.

Hatari ya pili ni hila katika uvuvi wenyewe. Nchi yetu ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kanuni zake hukataza nyavu za matundu madogo mno na kuvua kwa sumu. Wako wasemao: "Nani atatuona usiku?" Hao na wasome Sura Al-A'raf, aya ya 163, habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walijaribiwa kwa samaki waliojitokeza siku waliyokatazwa kuvua, wakashindwa kujizuia, yakawafika yaliyowafika. Perege mchanga avuliwaye leo ni kitoweo cha mtoto wa mwenzio wa mwaka ujao. Na katika ziwa kama hili, ambalo ukame pekee watosha kuliangamiza, mwanadamu hana haja ya kuusaidia.

Basi jibu letu kwa wazazi ni hili: mruhusuni, lakini kwa masharti.

Kwanza, afuatane na mtu mzima mjuaye, mwenye sala na mwenye kuogopa Mungu, na baba akazungumze na mtu huyo uso kwa uso kabla ya safari, asitosheke na kuelezwa na mtoto.

Pili, vijana wasiende chini ya watatu, na wamchague mmoja wao awe amiri wao, kama tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.) katika mambo ya safari. Huyo ndiye atakayeadhini na kuamsha wenziwe.

Tatu, hesabu ya samaki iwe wazi mbele ya wote, na fungu la kwanza liwe la yule ambaye wavu wake haukupata kitu usiku huo.

Nne, siku ya kurudi ijulikane, na shule ikifunguliwa awe amekwisha rudi. Uvuvi utakaomtoa kijana katika masomo umemvua yeye.

Tano, arudipo, mama akishakaanga au kuunga samaki hao, kwanza kipelekwe kibakuli kwa jirani, awe Mwislamu au asiwe. Katika majirani zetu wako Wamasai ambao kwa desturi yao ya zamani hawali samaki, nao wasichekwe. Wapelekewe maziwa au sukari, kwa kuwa haki ya jirani haisimami juu ya samaki.

Lakini ndugu zetu, masharti hayo yote ni ya safari ya siku chache tu. Sehemu iliyo kubwa zaidi ya swali hili i nyumbani kwetu. Ikiwa kijana ashuka bondeni gizani, katika upepo, ili apate watu wa kukaa naye na kuzungumza naye, basi yatupasa tujiulize baraza zetu zimekwenda wapi. Katika nyumba nyingi za leo baba yuko na simu yake pembe hii, kijana yuko na simu yake pembe ile, binti yuko jikoni peke yake, na bibi amelala mapema kwa kukosa wa kumsikiliza. Jiko lawaka, na hakuna anayeliota.

Twashauri kila nyumba ichague japo usiku mmoja katika juma, hasa miezi hii ya baridi ambayo watu hupenda kukaa ndani. Baina ya Magharibi na Isha simu ziwekwe kando, makaa yaletwe katikati, ichomwe mihogo au mahindi, na wakubwa kwa wadogo wakae pamoja. Mabinti nao wawemo, kwani mara nyingi huachiwa vyombo wakati ndugu zao wanapopewa hadithi, hali wao nao wana haja ya kuulizwa "waonaje?" Babu asimulie alivyoishi, mtoto asome sura aliyohifadhi, kisha wote wangoje adhana ya Isha. Kungoja huko ni ibada, na wala hakuhitaji wavu.

Wanavyuoni wameusifu wakati wa baridi kuwa ni ngawira ya Muumini, kwa sababu usiku wake ni mrefu kwa kusali na mchana wake ni mfupi kwa kufunga. Kwetu sisi tuliokaa karibu na Ikweta, tofauti ya mchana wa Juni na ule wa Desemba haifiki hata nusu saa, wala hatuwezi kujisifu kwa ufupi wa saumu kama ndugu zetu wa Minnesota, ambao mchana wao wa Desemba ni wa saa tisa tu. Lakini baridi tumepewa, na moto tumepewa, na watoto tumepewa. Ngawira hiyo yatosha kwa mwenye kushukuru.

Nanyi vijana, mkienda Eyasi nendeni kwa izni na kwa adabu. Mketi karibu na wazee, masikio yenu yawe mapana kuliko nyavu zenu. Wavu ukitoka mtupu, msiseme mmekosa, kwani mmekwisha pata usiku wa maneno mema, sala ya alfajiri pamoja na jamaa, na rafiki aliyewafunika blanketi. Na wavu ukitoka umejaa, kumbukeni kuwa hamkuwaweka ninyi samaki wale chini ya maji.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi twaongeza kwamba mkono umkunjao uwe umepashwa moto kwanza, kwani mkono wa baridi huvunja.

Mwenyezi Mungu ayajaze maziwa yetu kwa mvua za rehema, aziunganishe nyumba zetu, na awarudishe salama vijana wetu walio safarini. Amin. Wabillahi tawfiq.